Wanaorudi Mikronesia na Wasiorudi

Mjadala kuhusu vijana wa Mikronesia wanaokwenda kusoma ng'ambo huanza mara nyingi kwa lawama. Wazee visiwani husema kwamba kijana aliyesomeshwa kwa jasho la ukoo amewasahau wenzake. Kijana naye hujibu kwamba nyumbani hakuna kazi, na kwamba hata ikiwepo hupewa ndugu wa mkubwa fulani. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili Honolulu nilikaa jirani na vijana kutoka Chuuk, Pohnpei na Majuro, na mazungumzo hayo niliyasikia mara nyingi, yakitawaliwa na hisia za mapenzi ya nyumbani au ukosefu wake. Kadiri nilivyosoma historia ya visiwa hivyo baadaye ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba mapenzi ya nyumbani yana sehemu ndogo kuliko tunavyodhani. Kurudi au kutorudi kumeamuliwa kwa kiasi kikubwa na mambo mawili yasiyo na ushairi wowote, yaani sheria ya uhamiaji na kuwepo kwa nafasi ya kumpokea anayerudi.

Ninaposema Mikronesia hapa nina maana ya nchi tatu zilizokuwa chini ya Eneo la Udhamini la Visiwa vya Pasifiki, ambalo Marekani ililisimamia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa kuanzia 1947: Shirikisho la Mikronesia lenye majimbo ya Yap, Chuuk, Pohnpei na Kosrae, Visiwa vya Marshall, na Palau. Visiwa vya Mariana ya Kaskazini vilikuwa ndani ya eneo hilo pia, lakini watu wake walichagua kuwa raia wa Marekani, na habari yao ni nyingine. Kila moja kati ya nchi hizo tatu ina chuo chake cha umma, huko Palikir, Majuro na Koror, na masomo ya vyuo hivyo kwa sehemu kubwa ni ya miaka miwili. Anayetaka shahada kamili katika fani nyingi hana budi kupanda ndege, na safari yenyewe si ya mzaha: ndege inayotoka Honolulu hugusa Majuro, Kwajalein, Kosrae, Pohnpei na Chuuk kabla ya kufika Guam, kisiwa kilicho chini ya Marekani, na nauli yake inaweza kumeza mapato ya familia ya miezi mingi.

Kizazi cha kwanza cha wasomi kilikuwa kidogo mno. Katika miaka ya 1950 wachache walipelekwa Guam na Hawaii, wengine wakaenda Suva kusomea udaktari wa ngazi ya wasaidizi, na takribani wote walirudi. Tosiwo Nakayama, kijana wa kisiwa kidogo cha Piserarh katika funguvisiwa la Namonuito, alisoma Chuo Kikuu cha Hawaii katika muongo huo, akarudi, akaingia katika Bunge la Mikronesia lililoanza vikao vyake 1965, akaongoza mkutano wa katiba wa 1975, na mwaka 1979 akawa rais wa kwanza wa Shirikisho. Watu wa kizazi chake husifiwa leo kwa uzalendo, na sifa hiyo wanaistahili. Lakini inafaa kukumbuka kwamba mwenyeji wa Eneo la Udhamini aliingia Marekani kama mwanafunzi mgeni, na masomo yalipokwisha ruhusa ya kukaa nayo ilikwisha, ilhali nyumbani utawala ulikuwa ukimtafuta kila aliyejua Kiingereza na hesabu za ofisi. Sheria ilimsukuma kutoka nyuma na kiti kilimsubiri mbele.

Baadaye hali ilibadilika kwa kasi. Serikali ya Rais Kennedy iliamua mwanzoni mwa miaka ya 1960 kuongeza bajeti ya visiwa zaidi ya mara mbili, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikaingia katika shule. Shule za sekondari zikajengwa katika kila wilaya, watu wa kujitolea wa Peace Corps wakaanza kumiminika kuanzia 1966, na ilipofika miaka ya 1970 maelfu ya vijana walikuwa na cheti cha sekondari mkononi. Ndipo ruzuku ya serikali kuu ya Marekani kwa wanafunzi wa vyuo kutoka familia maskini, ile inayojulikana sasa kwa jina la Pell, ilipofunguliwa kwa wakazi wa Eneo la Udhamini. Kwa kuwa karibu kila familia visiwani ilihesabiwa kuwa maskini kwa vipimo vya Marekani, karibu kila mwenye cheti aliweza kuipata, na vyuo vidogo vya Oregon, Texas, Oklahoma na kwingineko, vilivyokuwa vikitafuta wanafunzi wa kujaza madarasa, vikaanza kuwaandikia barua vijana wa Chuuk na Palau ambao hawakuwahi kuona theluji.

Hofu iliyowashika viongozi na mapadri wa wakati huo haikuwa hofu ya vijana kupotea. Waliogopa kwamba wote wangerudi. Chuuk peke yake ilikuwa na mamia ya wanafunzi vyuoni, na watu walijiuliza serikali ya wilaya ingewaweka wapi vijana hao wakishuka uwanjani na shahada zao za sayansi ya siasa. Kwa bahati hesabu iliwaangukia vizuri kwa muda, kwa kuwa vijana hao walirudi wakati ule ule ambapo Eneo la Udhamini lilikuwa likigawanyika na kila nchi ikijenga serikali yake. Shirikisho la Mikronesia lilipoanza kutumia katiba yake mwaka 1979 lilihitaji mabunge matano, moja la taifa na manne ya majimbo, pamoja na mahakama, wizara, idara za elimu na ofisi za ukaguzi, na kila ofisi ilihitaji makarani na wakuu. Sidhani kama kuna kipindi kingine ambapo mtu mwenye shahada ya kawaida kabisa alipata kazi ya maana visiwani kwa urahisi kama huo. Aliyerudi 1978 akiwa na miaka ishirini na mitano angeweza kuwa mkurugenzi kabla ya kufikisha thelathini.

Tatizo la viti ni kwamba vikishakaliwa na vijana havifunguki kwa miaka thelathini.

Mkataba wa Ushirika Huru baina ya Marekani na Visiwa vya Marshall ulianza kutumika Oktoba 1986, wa Shirikisho la Mikronesia Novemba mwaka huo huo, na wa Palau Oktoba 1994. Pamoja na fedha na masuala ya ulinzi, mikataba hiyo iliwapa raia wa nchi hizo haki ya kuingia Marekani, kuishi, kusoma na kufanya kazi bila viza. Kuanzia hapo yule mwanafunzi hakusukumwa tena na sheria kutoka nyuma. Na mbele nako viti vilikuwa vimejaa, kwa sababu fedha za mkataba wa kwanza zilipangwa kupungua kila baada ya miaka mitano, na katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 serikali za Shirikisho na Visiwa vya Marshall zikaanza kupunguza wafanyakazi, nyingine kwa kuwalipa ili wastaafu mapema. Kijana aliyemaliza chuo mwaka 1997 alirudi kumkuta mjomba wake akipewa kiinua mgongo ili aondoke katika ofisi ambayo yeye alitarajia kuingia.

Tangu hapo safari ya kusoma na safari ya kutafuta maisha zimechanganyika kiasi kwamba ni vigumu kuzitenganisha. Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali ya Marekani ilikadiria, kwa takwimu za kati ya 2013 na 2018, kwamba watu wapatao 94,000 wa nchi hizi tatu pamoja na watoto wao walikuwa wakiishi katika ardhi ya Marekani. Sensa ya Shirikisho la Mikronesia ya 2010 ilihesabu watu 102,843 nchini humo, pungufu ya 107,008 waliohesabiwa 2000, ingawa watoto wanaozaliwa ni wengi. Wengi wa walioondoka hawakuwahi kugusa chuo. Walikwenda moja kwa moja katika viwanda, hoteli na nyumba za kutunzia wazee.

Hata hivyo njia nyingi walizozipita zilikanyagwa kwanza na wanafunzi. Mfano unaojulikana zaidi ni wa John Moody, Mmarshall aliyekwenda Oklahoma kusoma, kisha akahamia Springdale, Arkansas, katika miaka ya 1980 na kupata kazi katika kiwanda cha kuku. Aliwaita ndugu, ndugu wakawaita ndugu zao, na leo mji huo una maelfu ya Wamarshall, makanisa yao, na ubalozi mdogo wa nchi yao. Ukiangalia makazi mengine ya Wamikronesia katika majimbo ya Oregon na Texas utakuta mara nyingi kuna chuo karibu, na kulikuwa na kundi la wanafunzi waliokodi nyumba moja.

Nyumba hiyo ya kukodi inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndimo uamuzi wa kutorudi hufanyika bila mtu yeyote kuamua. Raia wa nchi hizi wanastahili ruzuku ya Pell, lakini hawastahili mikopo ya wanafunzi ya serikali kuu ya Marekani, na ruzuku peke yake haitoshelezi ada, chakula na kodi ya nyumba katika vyuo vingi vya miaka minne. Mwanafunzi anaanza kufanya kazi za usiku. Binamu anawasili kutoka Weno, kisiwa kikuu cha Chuuk, na begi moja, na kwa desturi za kwao hawezi kuulizwa ataondoka lini. Anakuja dada na mtoto mgonjwa ambaye hospitali ya nyumbani haikuwa na dawa zake. Mwanafunzi ndiye anayejua Kiingereza vizuri kuliko wote, kwa hiyo ndiye anayewapeleka kwa daktari, ndiye anayejaza fomu, ndiye anayezungumza na mwenye nyumba. Muhula mmoja anapunguza masomo, muhula unaofuata anayaacha "kwa muda". Miaka kumi baadaye ni msimamizi wa zamu kiwandani, ana watoto watatu wanaozungumza Kiingereza, na hajawahi kukaa chini hata siku moja kujiuliza kama atarudi.

Ndiyo maana nasita kila ninaposikia mtu akisema kwamba wanaobaki Marekani ni wale wenye akili nyingi walionunuliwa na mishahara mikubwa. Wapo, hasa walimu na wauguzi, ambao vyeti vyao vinakubalika Guam na Hawaii kwa mshahara ambao shule au hospitali ya Chuuk haiwezi kuukaribia. Lakini katika wale niliowafahamu mimi, waliomaliza shahada walirudi kuliko walioiacha njiani. Anayerudi na shahada hupokelewa kwa shada za maua na nguruwe. Anayerudi bila shahada baada ya miaka saba hurudi kueleza fedha za ukoo zilikwenda wapi, na watu wengi wangependelea baridi ya Oregon kuliko maelezo hayo.

Halafu kuna swali ambalo takwimu za uhamiaji haziwezi kuliuliza: kurudi ni kurudi wapi? Mtoto wa visiwa vya nje vya Yap, tuseme Satawal au Eauripik, hukutana na kuondoka mapema sana. Ili kusoma sekondari huenda Ulithi au Woleai, kwa meli inayopita kwa ratiba isiyotabirika, akiwa na miaka kumi na minne hivi. Akifaulu vizuri anaweza kuchaguliwa kwenda Xavier, shule ya Wajesuti iliyoko Weno tangu 1952, ambayo imewalea wengi wa viongozi wa eneo zima. Anapofika Guam au Hawaii ameshaishi nje ya kisiwa chake miaka minne au zaidi. Kisiwani kwao hakuna ofisi, benki wala kazi ya mshahara isipokuwa ya mwalimu na mhudumu wa zahanati. Kuna mashamba ya magimbi, mitumbwi, na bahari. Akisema "nimerudi nyumbani" ana maana amerudi Colonia, mji mkuu wa jimbo, ambako mtu wa visiwa vya nje kwa desturi za kale huwekwa chini ya wenyeji na hana ardhi yake. John Haglelgam, rais wa pili wa Shirikisho, alizaliwa Eauripik, kisiwa chenye watu mia na kidogo. Baada ya urais alifundisha katika chuo cha taifa kule Pohnpei. Nakayama naye aliitumikia nchi kutoka makao makuu, mbali na Namonuito. Wote wawili wanahesabiwa miongoni mwa waliorudi, na ni sawa, lakini visiwa vyao havikuwapata.

Kwa hiyo kwa mtu wa visiwa vya nje, tofauti kati ya kuishi Pohnpei na kuishi Hawaii ni ndogo kuliko mgeni anavyodhani. Kote huko ni ugenini. Kama ni lazima ukae kwenye ardhi ya watu wengine, hesabu ya mshahara, shule za watoto na hospitali inaanza kuwa na nguvu ambayo isingekuwa nayo kama ungekuwa unachagua kati ya Honolulu na kivuli cha mshelisheli wa babu yako.

Udaktari unaonyesha vizuri zaidi kuliko fani yoyote jinsi mpangilio wa masomo unavyoamua mahali mtu atakapoishi. Katika miaka ya 1980 visiwa vilikuwa na uhaba mkubwa wa madaktari wazawa, na waliokuwepo wengi walikuwa wamesomea Suva zamani na walikaribia kustaafu. Mwaka 1986 Chuo Kikuu cha Hawaii kilianzisha Pohnpei mpango wa kuwafunza matabibu wa Pasifiki, ulioendelea kwa miaka kumi. Wanafunzi walisoma visiwani, kwa wagonjwa wa visiwani, wakashughulikia kisukari, kifua kikuu na uzazi wenye matatizo mahali ambapo mashine ya eksirei ikiharibika hakuna nyingine. Cheti walichopata hakikuwapa leseni ya kufanya kazi Marekani. Wapo waliolalamika kwamba hiyo ilikuwa elimu ya daraja la pili, na lalamiko hilo nalielewa, lakini kwa miaka mingi baadaye wahitimu hao ndio waliobeba hospitali za Shirikisho na Visiwa vya Marshall. Cheti kisichosafiri humweka mwenye nacho nyumbani. Sijui kama ni haki kumfungia mtu mlango kwa njia hiyo. Najua tu kwamba wagonjwa walipata daktari.

Jambo kama hilo huwatokea wanaosoma nje ya Marekani. Visiwa vya Marshall ni mwanachama wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini chenye makao yake Suva. Palau na Visiwa vya Marshall hupeleka wanafunzi Taiwan. Shirikisho la Mikronesia, lenye uhusiano na Beijing, hupeleka wengine China. Huko viza ina mwisho wake, na mwanafunzi anarudi kama walivyorudi wale wa miaka ya 1950. Naona ajabu kwamba watunga sera hutumia muda mwingi kupima uzalendo wa waliokwenda Hawaii, wakati tofauti kubwa kati yao na waliokwenda Taipei ni muhuri tu katika pasipoti.

Desturi nazo huvuta pande zote mbili. Katika sehemu kubwa ya Mikronesia ukoo na ardhi hufuata upande wa mama, na asiyekuwepo kwa muda mrefu anaweza kukuta mipaka imesogezwa. Pohnpei mtu hupanda vyeo kwa kuonekana kwenye karamu, akitoa viazi vikuu, nguruwe na sakau (kinywaji cha jadi) mbele ya Nahnmwarki, yaani chifu mkuu, mwaka baada ya mwaka, na cheo hakipatikani kwa simu. Hayo humrudisha mtu, mara nyingi akiwa na miaka hamsini na kuendelea, wakati ukoo unapomtaka ashike nafasi ya marehemu mjomba. Lakini desturi hizo hizo humtafuna anayerudi akiwa kijana. Mshahara wake wa kwanza una wenyewe kabla haujaingia benki: misiba, michango ya kanisa, ada ya mdogo wake. Ofisini hawezi kumsahihisha hadharani mkubwa ambaye kiukoo ni baba yake, hata kama hesabu za mkubwa huyo zimekosewa waziwazi. Akiwa Marekani angetoa michango hiyo hiyo, ila angeitoa kutoka kwenye mshahara mkubwa zaidi, na kwa shukrani kubwa zaidi. Kule Palau desturi ya ocheraol, ambapo jamaa huchanga kulipia nyumba ya ndugu yao, huwategemea sana walio Guam na Hawaii, na ukihesabu fedha tu, mwana aliyebaki ng'ambo anaweza kuufaa ukoo kuliko aliyerudi kuwa karani Koror.

Walio na kiti hurudi hata sasa. Hilda Heine alisoma Oregon na Hawaii, akarudi kufundisha na kuongoza chuo cha nchi yake, akawa Mmarshall wa kwanza kupata shahada ya uzamivu, na mwaka 2016 akawa rais wa nchi yake. Alirejea katika kiti hicho 2024. Uvuvi wa jodari umefungua nafasi ambazo kizazi cha 1997 hakikuwa nazo: tume ya kusimamia jodari wa Pasifiki ya magharibi na kati iko Pohnpei, ofisi ya nchi zinazouza siku za uvuvi kwa pamoja iko Majuro, na kijana aliyesoma sayansi ya bahari au sheria ya mikataba ana mahali pa kubisha hodi. Nafasi hizo ni makumi tu, siyo maelfu, na zote ziko mijini.

Mikataba mipya iliyopitishwa na Bunge la Marekani Machi 2024 imeziahidi nchi hizi tatu dola bilioni 7.1 kwa miaka 20, na imewarudishia wanaoishi Marekani misaada mingi ya serikali waliyoipoteza kwa sheria ya 1996. Kubaki, basi, kumekuwa rahisi zaidi kuliko miaka yote iliyopita. Pendekezo linalosikika kila mara ni kuwafunga wanafunzi kwa hati za kurudi kutumikia nchi wakishafadhiliwa, na mimi silipingi, ila hati haina meno dhidi ya mtu anayeishi kihalali nchi nyingine na ambaye karo yake ililipwa zaidi na Pell kuliko na serikali yake. Kama ningeulizwa, sehemu ya fedha hizo ningeiweka katika nyumba za walimu na wauguzi kwenye visiwa vya nje, nyumba zenye umeme wa jua na intaneti, na katika meli zinazofika kwa tarehe iliyotangazwa. Ningeongeza pia kwamba tangazo la kazi litolewe Honolulu, Portland na Springdale siku ile ile linapotolewa Palikir, kwa sababu kwa sasa wengi walio huko husikia habari za nafasi nyumbani wakati binamu wa mtu ameshaanza kazi.